Siku Niliyowarudishia Watu Mikono Yao

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nimeona ng'ombe wa kiangazi akiuzwa kwa bei ya kuku. Nimeona mashamba ya Kitengela ambayo fisi walikuwa wanalia ndani yake yakiota nyumba za ghorofa, na mojawapo ya hizo nyumba ni yangu. Shule niliacha darasa la sita na sijawahi kurudi kuuliza nilisahau nini huko. Kwa hivyo nikisema kitu fulani kilinikalisha chini, msomaji ajue hakikuwa kitu kidogo.

Kabla sijakuwa mtu wa bucha na baa, nilikuwa mtoto maarufu. Kuna watu husema hivyo wakimaanisha ploti waliyolelewa. Mimi, ungetoka Kajiado mjini uende mpaka Magadi kwenye lile joto la kupasua midomo, ama ushike upande ule mwingine mpaka Rombo karibu na Tanzania, ungetaja tu "pasta mdogo" na mtu angekuambia nilikuwa navaa nini. Nilianza kuhubiri nikiwa na miaka saba. Suti nyeupe iliyoshonwa kutoka kwa pazia kuukuu la kanisa, tai ya lastiki, na kreti ya soda ya kusimamia ili watu wa nyuma wanione. Baba yangu, Mkamba aliyekuja Kajiado kuchimba mawe ya marumaru, ndiye alikuwa anaandika mahubiri. Yeye alikuwa na maneno lakini hakuwa na sauti. Sauti nilikuwa nayo mimi. Nilishika kila kitu kichwani, hata mahali pa kulia.

Sikuwa peke yangu. Kwetu mkutano wa injili bila mkalimani ni nusu mkutano. Mimi nilihubiri Kiswahili, na kando yangu, ndani ya rinda la pazia lile lile, alisimama msichana wa rika langu, binti wa mlinzi wa kanisa, akiweka kila neno kwa Kimaasai. Nikiruka, anaruka. Nikinyoosha kidole, ananyoosha. Nikifika mahali pa kulia, yeye machozi yameshatoka. Watu walituita malaika wawili. Mimi nilijua malaika mmoja ananifinya mgongoni kila nikiruka mstari.

Mwisho wa mahubiri ulikuwa mmoja kila mahali. "Wewe uliyechoka na pombe, inua mkono." Na mikono ilikuwa inainuka. Wachimba mawe, madereva, wafugaji waliokuja kuuza mbuzi siku ya soko, watu wazima wenye ndevu, wamemwinulia mkono mtoto aliyesimama juu ya kreti.

Nilipofika kumi na tatu sauti ikavunjika, nikawa nahubiri kama ndama aliyekwama kwa matope. Mialiko ikakauka. Hakuna aliyeniambia asante, na sikungoja. Nilibeba mawe. Nikachuna ngozi kichinjioni. Nikauza matumbo kwa baiskeli, halafu nyama kwa baiskeli, halafu nikanunua ploti Kitengela wakati watu wenye akili walikuwa wananicheka kwamba nimenunua mavumbi. Hayo mavumbi nikayajengea bucha mbele na baa nyuma. Watu wa viwanda vya Athi River walikuwa wanahamia Kitengela kila mwisho wa mwezi na godoro kichwani, na mtu akishapata mshahara na godoro, kinachobaki ni nyama na bia. Hesabu hiyo haihitaji darasa la saba. Kila kitu nilichokuwa nacho kiliingia ndani ya hiyo baa. Ikifa, narudi kubeba mawe, na mgongo wangu ulishaapa haurudi.

Siku ya kufungua nilichinja mbuzi watatu. Watu wakaja. Wakala. Wakasifu pilipili. Mhudumu wangu, mama mmoja aliyekuwa amehudumu kwa baa nyingi kabla ya yangu, akapita meza kwa meza akiuliza, "Moto ama baridi?" Maana huku bia mtu huchagua, ya jokofuni ama ya rafu.

"Soda," wakasema.

"Soda gani?"

"Yoyote. Pasta anaangalia."

Wakanywa soda, wakafuta midomo, wakavuka barabara wakaenda kulewa kwa jirani. Mmoja aliniachia ombi la kumwombea ng'ombe wake mgonjwa.

Mimi si mtu wa kukaa nikilia. Nilifuga ndevu. Nikanunua jaketi ya ngozi nyeusi kwa mitumba ya soko la Gikomba, nikaivaa kwenye jua la Kitengela mpaka ikanitoa vipele. Watu wakasema pasta ameingia jangwani kufunga, ona ndevu. Nikaweka muziki wa kidunia. Wakasema anavuta vijana ndio awapate. Mwishowe nikaamua kunywa mbele yao. Bia sikuwa naipenda, mpaka leo kwangu ni kama maji yaliyochemshiwa viatu, lakini biashara ni biashara. Ijumaa moja nikasimama kaunta, nikafungua chupa, nikaimaliza yote nikiwaangalia machoni. Halafu mzee mmoja kwa kona akavua kofia, akasema kwa sauti ya upole, "Anatubebea dhambi zetu."

Baada ya hapo hata soda ilipungua.

Aliyenifungua macho alikuwa mpakizi wa simiti, mwanaume wa mabega mapana aliyekuwa anakula kwangu kila Jumamosi. Nilimshika bega akiwa anavuka barabara kwenda kwa jirani.

"Wewe ndugu," nikamwambia, "nyama yangu ina kasoro?"

"Haina."

"Bia yangu nimeiweka maji?"

"Sijui, sijaionja."

"Basi mimi nimekukosea wapi? Suti nimevua. Ndevu niko nazo. Nimekunywa mbele yako."

Akaangalia viatu vyake. "Pasta, si wewe. Ni mkono."

"Mkono gani?"

"Mkono wangu. Niliinua. Kajiado, uwanja wa soko. Ulikuwa mdogo hivi. Sasa nitashika bia na mkono huo huo mbele ya mtu niliyemwinulia?"

"Lakini kwa jirani unashika."

"Jirani sikumwinulia kitu."

Hapo ndipo nilikaa chini, juu ya gogo la kukatia nyama. Miaka yote hiyo nilikuwa napigana na suti, na suti haikuwa na neno. Mimi nilisahau mikono yao siku niliyoshuka kwa kreti. Wenyewe walikuwa wanatembea nayo.

Basi dawa ikawa wazi. Kilichofungwa hadharani kifunguliwe hadharani, mahali pale pale, na mtu yule yule. Na mkalimani yule yule, maana nusu ya hiyo mikono iliinuliwa kwa Kimaasai.

Nilimpata mjini Isinya, amelala chini ya lori la mchanga anakaza nati. Ndiyo, yule malaika. Alikuwa anaendesha lori la tani saba na hakuna polisi alimpotezea muda.

"Sopa, mkalimani," nikamsalimia kwa Kimaasai.

Sauti ikatoka chini ya lori. "Pasta. Kuna mtu amekufa?"

"Baa yangu iko karibu kufa."

Akatoka akipangusa mikono, akasikiliza yote huku akiwasha sigara. Nikamuuliza kama hiyo sigara imemsaidia kuwavua watu ile sura ya rinda jeupe.

"Imesaidia nini? Nilivuta katikati ya soko makusudi. Akina mama wakasema maskini, ni dawa ya kifua. Mwanaume akinisogelea nafikiri ni mambo ya maana, kumbe anataka nimwombee apate kazi. Nina miaka hii yote hakuna mtu amewahi kunitongoza na kumaliza sentensi."

"Basi njoo tuifungue hiyo mikono."

"Na nikikataa?"

"Nitahubiri peke yangu, na Kimaasai changu unakijua."

Akacheka mpaka akakohoa. "Utawaambia wameze mbuzi mzima. Nakuja. Lakini mafuta ya lori ni juu yako."

Chifu aliniuliza mkutano ni wa injili ama wa siasa. Nikamwambia ni wa kurudisha injili. Akasema hiyo hajawahi kuombwa kibali chake, lakini kama kuna nyama atakuja kuhakikisha usalama.

Nilinunua dume la ng'ombe, maana huwezi kuwaita watu wa Kajiado kwa jambo zito halafu uwapakulie maharagwe. Nikakodisha spika. Siku ya soko tukasimama pale pale uwanjani Kajiado, mimi kwa jaketi yangu ya ngozi, yeye kwa ovaroli yenye grisi. Kreti nilileta, ya mazoea tu, lakini sikuipanda. Watu walijaa kuliko nilivyotegemea. Wengi walidhani tumerudi kwa wokovu, na mama mmoja alikuwa ameshaanza kulia.

Nikashika maikrofoni. Nitasema ukweli, ile sauti ilikuwa imeningoja. Ilitoka kubwa, ya kiume, na kando yangu nikasikia Kimaasai kikiifuata kama gari na trela. Nikasogea kushoto, akasogea. Nikanyoosha kidole, akanyoosha. Miaka ilikuwa imepita na tulikuwa hatujasahau hata pumzi.

"Nilikuwa mtoto," nikasema. "Maneno yalikuwa ya baba yangu, kilio kilikuwa cha mazoezi. Ninyi mlikuwa watu wazima na mliniinulia mikono. Leo ninauza bia. Sitaki mtu anywe soda kwa kuniogopa. Wote mlioinua mkono wakati ule, inueni tena."

Mikono ikainuka. Sikutegemea itakuwa mingi hivyo. Chifu mwenyewe aliinua, akajifanya anajikuna kisogo.

"Sasa shusheni. Nimewarudishia."

Mkalimani akasema yake, na mikono ikashuka polepole, kama watu wanaotua mzigo na hawajui wataulalisha wapi. Mmoja tu haukushuka. Muuza mbuzi mmoja, shuka begani, alibaki ameunyoosha juu, akaanza kusema kwa Kimaasai bila haraka. Kwa mara ya kwanza maishani mkalimani akanigeukia kunitafsiria mimi.

"Anasema mkono wake umwachie. Anasema tangu siku hiyo hajalewa na hajampiga mke wake. Anasema wewe ulikuwa mtoto, lakini yeye hakuwa mtoto. Aliinua mwenyewe."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema pia suti ile ilikuwa inakukaa vizuri kuliko hiyo ngozi."

Watu wakacheka, dume likaliwa. Yule muuza mbuzi alikula pia, tena mbavu, kwa mkono wake wa pili.

Wiki hiyo baa yangu ilijaa. Kila meza mtu anasema "baridi", "moto", "ongeza". Mhudumu alitembea mpaka akavua viatu. Mkalimani alikuja na lori lake Jumamosi, akakaa kaunta, na fundi mmoja wa magari akamtongoza mpaka mwisho wa sentensi. Alimkataa, lakini alifurahi. Mimi nilisimama mlangoni kwangu nikasema moyoni, hii nimeijenga mwenyewe, na sasa nimeishinda hata ile kreti.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafagia, aliingia mwanamke mwenye leso ya soko kiunoni, mkono umesawijika kwa kukata sukuma wiki. Hakukaa.

"Pasta, mimi ni mke wa yule mpakizi wa simiti."

"Karibu, mama. Mzee yuko salama?"

"Yuko salama, amelala. Amekunywa hapa kwako Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Amekunywa karo ya mtoto ya muhula huu."

"Mama, baa si kanisa. Mtu akija na pesa zake sitamuuliza ni za nini. Na kabla ya hapa alikuwa anakunywa kwa jirani."

"Kwa jirani alikuwa anakunywa chupa moja na kuangalia nyuma. Ule mkono ulikuwa unamshika. Nilikuwa pale Kajiado siku aliyouinua, nilikuwa na mimba ya huyo huyo mtoto. Ulipouchukua hukuniuliza. Juzi nilikuwa pale tena, na ulipourudisha hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekuambia wa huyu uuache."

Nimebishana na madalali wa ng'ombe, na mafundi, na askari wa kanjo. Huyu sikubishana naye. Nikafungua droo nikamhesabia karo yote mkononi. Alihesabu tena mbele yangu, akafunga kwenye ncha ya leso.

"Na yeye?" akauliza.

Nikamwita mhudumu. Nikamwambia yule wa mabega mapana akija apewe nyama kama kawaida, na soda, na akiuliza kwa nini aambiwe pasta anaangalia. Kwa watu wengine wote nilibaki muuza bia, lakini kwa huyo mmoja nilivaa tena ile suti, na mpaka leo sijaivua.

Mkewe akashukuru kwa kichwa, akatoka akawahi soko.

Baa iko hapo mpaka leo, na juu yake kuna ghorofa. Watu huniuliza iligharimu pesa ngapi kuacha kuwa pasta mdogo. Mimi hesabu hazinipotei. Dume, spika, mafuta ya lori na karo ya mtoto wa mpakizi: shilingi elfu ishirini na tisa, mia sita na hamsini.