Pikipiki ya Cheche Inakataa Mlima

Cheche si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, kwa sababu ukifika katikati ya habari hii utatamani kumzaba kibao, na sitakulaumu. Ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, mikono yake imejaa makovu madogo ya moto, na jina hilo alipewa na wateja. Nusu ya mageti ya mtaa wao ameyatengeneza yeye, na yote yanafunga vizuri.

Ugonjwa wake ni pikipiki. Sisemi hizi za kubebea abiria. Yake ni kruza, lile dude zito la usukani mpana na kiti cha chini, ambalo ukiliendesha unanyoosha miguu mbele kama umekaa kwenye kochi lako. Aliinunua ikiwa chuma chakavu, akaifufua kipande kwa kipande, akaiita Nyati. Kila Jumapili yeye na wenzake wenye pikipiki za aina hiyo hukutana kwenye kituo cha mafuta, wakapanda mlima wenye mnara wa simu, wakanywa chai kwenye kibanda cha huko juu, wakarudi makwao. Mambo ya watu wazima wasiotaka kuzeeka.

Kwa miaka mingi mkewe hakuwa anakwenda. Alikuwa na watoto wa kulea na sare za shule za kushona. Kitindamimba alipoondoka kwenda chuo, mama watoto akaifunika cherehani yake Jumapili moja asubuhi, akavaa suruali aliyojishonea mwenyewe, akatoka nje.

"Leo na mimi naenda," akasema. "Nimechoka kusimuliwa huo mlima."

Cheche alifurahi kweli. Wiki hiyo hiyo alikuwa ameipuliza Nyati rangi mpya, nyeusi ya kumeremeta, na hakuna alichotaka kama kuonekana nayo mkewe akiwa nyuma. Mkewe ni mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa, na siku ile likajulikana jambo ambalo hata mumewe hakulijua: akikaa kwenye pikipiki, anaimba. Anaimba kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Lakini Nyati ikaukataa mlima. Kila kona ilikohoa na kutapika moshi mweusi. Cheche akishusha gia, inapata nguvu kidogo, halafu inalegea tena, na wenzake wanampita mmoja mmoja huku wakimpungia mkono. Jumapili ya pili ikawa vilevile. Ya tatu walifika juu wakakuta wenzao wameshamaliza chai na wanajinyoosha.

"Vipi, Cheche?" mmoja akamtania. "Mlikuwa mnachuma maua njiani?"

Mkewe alikuwa ameenda kibandani kununua maji. Cheche akaona uso wake unamshuka mbele ya watu, akatafuta pa kuutupa huo mzigo, na mdomo ukatangulia akili.

"Mngebeba mzigo ninaoubeba mimi huku nyuma," akasema, "mngefika kesho."

Wakacheka hadi wakapigana mabega. Na yeye akacheka, mjinga mkubwa. Alipogeuka, mkewe alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake na chupa mbili za maji. Alikuwa ameshamfungulia ya kwake. Akampa, na safari nzima ya kurudi hakuimba.

Jumapili iliyofuata alisema magoti yanamuuma. Iliyofuata, ana sare za kumalizia. Cheche akaenda peke yake, na hapo ndipo mtu mwenye masikio angesikia, kwa sababu Nyati ilikohoa mlimani vilevile, ingawa ilijitahidi kidogo zaidi ya awali. Yeye aliisikia hiyo nafuu kidogo tu. Akasema moyoni: si nilisema?

Basi akaamua kuiongezea injini nguvu. Hela ya injini nyingine hakuwa nayo, kwa hiyo ilibidi mpango uwe wa kujibana. Akapiga goti kwenye sakafu ya karakana yake akauchora kwa chaki, kama anavyochora mageti. Ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi, ataitengeneza mwenyewe, fupi na pana, kwa bomba lililobaki kwenye kazi ya mteja. Filta ya hewa iliyo wazi zaidi ataitafuta kwa wauza vipuri vya mtumba. Hukohuko atapata jeti kubwa zaidi za kabureta, vile vishaba vidogo vyenye tundu vinavyopitisha petroli, maana hewa ikizidi lazima na petroli iongezwe, la sivyo injini inaungua. Mpango ulikuwa mzuri. Sina ubishi na mpango.

Mkewe alipita hapo akiwa na kikapu, akauzunguka ule mchoro ili asiukanyage.

"Hii ni nini, baba watoto?"

"Nataka Nyati iwe na nguvu."

Akautazama mchoro. "Nguvu za kunibeba mimi?"

Cheche akajifanya anatafuta chaki.

Jioni ya siku hiyo alianza kuona mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yake muda wote. Mkewe alimpakulia yeye sahani ikajaa, akajipakulia vijiko viwili. Alipomuuliza, akajibu kwamba ameshiba kwa chai. Asubuhi akamkuta amesimama nyuma ya pazia na ile futi yake ya kushonea, amejizungushia kiunoni, anasoma namba. Akaikaza kidogo, akaisoma tena, kisha akaiachia ikaanguka miguuni. Cheche akarudi nyuma taratibu asisikike. Aibu ikampata. Mtu mzima, na mwenzake anajinyima chakula kwa sababu ya neno lake la kuchekesha watu.

Unadhani alimwambia? Thubutu. Alijiambia kwamba ekzosi ikikamilika kila kitu kitakuwa sawa.

Kazi ilipokamilika, alibeba ekzosi yake mpya na vile vipuri vya mtumba akampelekea fundi wa injini wanayemwita Kikohozi, kwa kuwa kila pikipiki ikifika kwake swali lake la kwanza ni kama inakohoa. Kikohozi akaisifu ekzosi, maana ilikuwa imechomelewa vizuri mno, halafu akaiweka chini.

"Kabla sijabadilisha kitu, ngoja nione inavyopumua," akasema.

Akafungua kiti, akafungua boksi la filta, akaingiza vidole kwenye lile bomba ambalo injini huvutia hewa. Akavuta. Kikatoka kitambaa. Akavuta tena, kikaendelea kutoka, kitambaa cha kijani chenye maua madogo meupe, kimejikunja na kujaa vumbi.

"Bwana wee," akasema Kikohozi. "Umemziba Nyati pua kwa nguo, kisha unampeleka mlimani? Hata wewe nikikuziba hivi, utapanda ngazi kweli?" Akakikung'uta. "Nani aliyekiweka huku?"

"Sijui," akasema Cheche.

Kikohozi akakigeuza kile kitambaa. Ukingo wake ulikuwa na matone ya rangi nyeusi ya kumeremeta. Akalitazama tangi la Nyati, jeusi la kumeremeta. "Haya," akasema, na akaenda kunawa mikono.

Cheche alijua vizuri sana. Siku ya kupuliza rangi alikuwa amekichomeka humo kwa mkono wake mwenyewe ili rangi isiingie kwenye injini. Akamaliza kazi, akafurahia mng'aro, akasahau. Siku chache baadaye mkewe akapanda nyuma kwa mara ya kwanza, Nyati ikalegea, na yeye akamtazama mkewe.

Ekzosi haikufungwa. Haikuhitajika, wala filta, wala jeti. Kikohozi alisafisha plagi zilizokuwa nyeusi kama masizi, akarudisha kila kitu mahali pake, na njiani kurudi Nyati ilikwea ule mwinuko wa karibu na nyumbani kana kwamba hakuna mwinuko. Siku nyingine Cheche angepiga kelele kwa furaha. Siku hiyo alitamani ardhi imfiche.

Na bado, nakuambia, alipokuwa anaegesha alishatunga uongo. Angesema: nimeiongezea nguvu, sasa inakubeba bila shida. Ni uongo mtamu. Mkewe angerudi Jumapili, watu wangemsifia ufundi, na kitambaa kingechomwa pamoja na takataka. Kilichobaki ni kwamba mkewe angeendelea kuamini, maisha yake yote, kwamba ilibidi injini ibadilishwe kwa ajili ya mwili wake.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. "Imekubali?"

"Imekubali."

"Kwa hiyo sasa inaniweza?"

Cheche akafungua mdomo, na ule uongo ulikuwa palepale kwenye ulimi. Akautazama mkono wa mkewe, umepungua kweli, unavyosukuma kitambaa chini ya sindano. Akatoa kile kitambaa mfukoni akakiweka juu ya meza.

"Ilikuwa inakuweza tangu mwanzo," akasema. "Hiki ndicho kilichoiziba. Nilikiweka mimi, siku ya rangi. Nikakisahau, nikakusingizia wewe."

Cherehani ikasimama. Mkewe akakishika, akakinyoosha kwa kiganja.

"Hiki ni kipande cha gauni langu," akasema. "Nilikuuliza kama umeliona."

"Ndiyo."

"Ukasema hujaliona."

"Ndiyo, mama watoto. Nisamehe."

Akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. Hakulia wala hakufoka, na afadhali angefoka.

"Ulisema mbele ya watu," akasema. "Ukaniambie mbele ya watu haohao."

Jumapili Nyati ilipanda mlima na watu wawili bila kukohoa hata mara moja. Waliwapita wenzao wote. Walikuwa wa kwanza kufika, kwa mara ya kwanza tangu Cheche aijue njia ile, na ushindi huo ukawa mateso, maana ilibidi akae kwenye benchi kusubiri wengine wafike, mkewe kando yake akipuliza chai.

Wakafika wakipiga honi. "Cheche, umeifanyia nini hii? Umeweka injini mpya?"

Akasimama, akakitoa kitambaa, akaeleza. Walianza kucheka. Alipofika mahali pa kusema kwamba siku ile alimtukana mkewe kwa kosa lake mwenyewe, kicheko kikakatika, na kila mtu akapata kitu cha kutazama ardhini.

"Shemeji," akasema yule aliyetania habari ya maua, "yalikuwa masihara tu."

"Najua," akasema mkewe. "Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote."

Kisha akamwambia mumewe kwamba ana njaa. Cheche akaenda kibandani mbiombio, akaleta mayai na mkate, na mkewe akala mbele yao wote, polepole, hadi sahani ikawa tupu. 

Walishuka kwa utaratibu. Mkewe alikaa wima, ameshika chuma cha nyuma ya kiti, si kiuno cha mumewe. Kwenye mteremko wa mwisho, mrefu na ulionyooka, Cheche aliachia mafuta ili Nyati ipunguze mngurumo, akatega sikio kama atasikia wimbo. Alisikia upepo, na matairi, na hakuwa na haki ya kuuliza. Akateremka hivyohivyo, taratibu, hadi nyumbani, akisikiliza.