Kuchemka Bila Moto

Harufu ya mbalaga, ndizi mbichi zikichemka pamoja na maharage, hunirudisha jikoni kwetu Kinyala, masika niliyotimiza miaka minane. Aliyepika alikuwa mke wa baba yangu mdogo, ambaye mimi nilimwita mama mdogo. Alikuwa ameolewa kutoka Lupepo miezi michache tu kabla. Aliimba akimenya ndizi, akaigiza kuku mwenye mafua, akacheka mwenyewe. Majirani walisema, “Huyu ni chemchemi. Anachemka bila moto.”

Ukubwani nimelichunguza neno hilo katika kamusi za kuazima. Sina uthibitisho kamili, lakini naamini chemchemi na chemka ni shina moja: maji yanayotutuma yenyewe ardhini kama yanavyotutuma sufuriani. Majirani zetu walilijua bila kusoma.

Kwa mila yetu, mwanamke aliyeolewa hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake, wala kusikika mbele yake. Wakikaribiana njiani, alijificha migombani. Kwa hiyo nilipewa kazi: kukaa mlangoni, kuangalia njia, na kukohoa babu akitokea.

Siku moja sikukohoa. Mama mdogo alikuwa ameinama, mwiko ukiwa fimbo, akiniigizia babu. “Hivi ndivyo mzee anavyokagua migomba yake. Huu mbona umelegea? Nao umeolewa kutoka Lupepo?” Nilicheka hata machozi yakaniziba macho. Alipoinuka, babu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakumsemesha, kwa kuwa mila ilimkataza yeye pia. Aliniambia mimi: “Mwambie baba yako mdogo amrudishe huyo kwao.”

Nikaupeleka ujumbe huo mbio, kama mtoto mtiifu.

Wazazi wake walileta ng'ombe wa kuomba radhi, na baada ya mavuno akarudi. Watu walisema mambo yamekwisha. Lakini aliyerudi alifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, akapika kimya, akanipakulia. “Kula, mwanangu.” Basi.

Babu alikufa zamani. Wasichana wanaoolewa Kinyala leo hukaa meza moja na baba wakwe zao, huwapigia simu, huwatania. Wala mila haijawadai kitu. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu mama mdogo, ambaye sasa ana mvi. Mbalaga ilikuwa jikoni. Nikachukua mwiko, nikainama, nikaanza kukagua migomba.

Hakucheka. Alitazama mlango, kisha akanitazama mimi.

“Nani anaangalia njia?”