Clairmonte wa Mzinga Mkubwa

Eudora Harewood alikuwa ameshafungua madirisha yote, kama ilivyo kawaida ya kijiji cha Foul Bay siku ya kufyatuliwa mzinga, ili mshindo upite ndani na kutoka bila kuvunja vioo. Akasubiri. Badala ya ule mngurumo wa kutikisa mifupa, ukasikika mlipuko mfupi, mkavu, na moshi mweupe ukapanda nyuma ya mashamba ya miwa. Kisha akaja Darnley Boyce, aliyefanya kazi ya mzinga na Clairmonte, mdogo wake Eudora, mbio, mikono imeungua.

"Dada Eudora, keti kwanza."

"Sikai. Sema."

"Clairmonte ametutoka. Na nakuomba, usimwone."

Eudora akamzaba kofi. "Nimemlea mimi tangu mama afe. Nitamwona kabla hajafukiwa, hata mniue."

Clairmonte hakuwa mpole, na dada yake hakutaka asifiwe uongo. Kwenye mchezo wa fimbo alimvunja Ezra Blackett taya, kisha akamrudia akiwa chini. Alipigana akiwa amelewa rumu, akapigana pia akiwa hajaonja tone. Jumapili alikaa nyuma kanisani, jicho limevimba, akiimba kuliko wote.

Wanasayansi wa kigeni walipoleta Barbados mzinga mrefu uliotolewa kwenye manowari, walitafuta wanaume wenye mabega, naye akaajiriwa kuupakia. Ulirusha mishale ya chuma juu kuliko ndege yoyote. Huko juu mshale ulimwaga dawa ya kemikali, ikawa utepe wa moshi uliong'aa jua likizama, na kamera za visiwa jirani zikaupiga picha kuona upepo unaupeleka wapi.

"Clairmonte!" walimtania kwenye duka la rumu. "Umemaliza kupiga watu, sasa umehamia kwa malaika?"

"Malaika wakiniona wanasogea. Wewe je?" Na kiti kikaruka.

Mzinga ulipasua kuta, ukaharibu mimba za mbuzi, na mara moja uliiangusha nyumba ya mbao ya Eudora kutoka kwenye mawe iliyokalia. Clairmonte na wenzake waliinyanyua, yeye akitukana na kumwomba Mungu radhi kwa pumzi moja.

Siku ile ya mlipuko, mshale ulivuja kabla ya kurushwa. Dawa ile ikigusa hewa inawaka, na kila asubuhi walionywa: izimwe kwa mchanga mkavu, maji kamwe. Lakini Clairmonte alikulia kwenye miwa. Moto wa miwa ukizuka, watu wa Foul Bay hulowesha magunia wakauingia kuupiga. Mikono yake iliamua kabla ya kichwa. Akanyakua gunia lililoloa maji, akapiga pigo moja. Moto ukamlipukia usoni. Alitoka akitembea, anawaka, na Darnley alipoanza kumzima kwa mikono, alimsukuma mbali kwa teke, kisha mwenyewe akaanguka, akafa.

Kesho yake jeneza lililetwa nyumbani kwa Eudora limepigiliwa misumari. Mzishi, Oswin Gale, akasimama kati ya jeneza na Eudora.

"Mama, wakubwa wa kambi ya mzinga wamesema lisifunguliwe."

"Aliyemuumba hajanikataza. Ng'oa."

"Utamwota kila siku."

"Nimwote. Ng'oa misumari, Oswin!"

Oswin hakugusa msumari hata mmoja. Eudora akaenda jikoni, akarudi na shoka, akalishusha kwenye kifuniko hadi vibanzi vikamrukia Oswin kifuani. Wazee wawili wa kanisa wakamkamata. Akamng'ata mmoja mkono mpaka damu.

"Mwacheni!" alifoka Darnley, mikono imefungwa bendeji. "Mlitaka amlee yeye, mumfukie ninyi? Mpeni nyundo huyo mzishi, la sivyo nang'oa kwa meno."

Oswin akang'oa.

Uso wa kutambulika haukuwepo. Eudora aliinama, akatapika kwenye beseni, akajifuta, akarudi. Akaitafuta miguu. Buti zilikuwa zimeikinga, na mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo, kilichokatwa na panga akivuna miwa. Akaupaka mafuta ya nazi, taratibu, katikati ya vidole, akamvisha soksi.

"Bwana, ni yeye," alisema kwa sauti. "Alikuwa mkorofi, unamjua. Alimsukuma mwenzake asiungue. Mpokee."

Akawaambia wafunge. Alasiri hiyo walimzika kwenye uwanja wa kanisa, kando ya mama yake. Waliimba nyimbo mbili. Eudora akatupa udongo, akasubiri wachimbaji walisawazishe kaburi, kisha akaenda nyumbani.