Cresta Waliyoianza Wawili

Nesta na Raphaeli waliinunua ile Cresta kwa kuchangishana, enzi wakiwa mafundi kwenye gereji moja ya Tunduma. Ilikuwa kuukuu, injini ya silinda sita, na kilima cha kwenda Ihanda ilikipanda kwa kuhema.

Raphaeli hakutaka kuigeuza gari la mashindano. “Tunaipa pumzi tu,” alikuwa akisema. “Ivute hewa ya baridi, iteme moshi bila kubanwa. Basi.”

Wakaifungua, wakasaga valvu huku wakitaniana. Kabla hawajaifunga, Raphaeli akapata kazi ya kuendesha lori upande wa Zambia. “Nikirudi tutamalizia,” alisema. Nesta alikuwa na neno la kumwambia, akaishia kumpa kitambaa afute mikono.

Mwanzoni simu zilikuja, baadaye zikakoma. Cresta ikabaki chini ya turubai. Kila lori lenye namba za Zambia lilipopunguza mwendo pale nje, Nesta aliinua kichwa.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, aliivua turubai. Akafunga gasketi mpya, akasafisha nozeli, akabadili plagi. Chujio cha hewa alikihamisha kutoka kwenye joto la injini, akakileta mbele karibu na taa. Ekzosi aliichomelea upya, pana kidogo, yenye kona chache. Injini ilipowaka, ilinguruma nzito na tulivu, mafundi wenzake wakapiga makofi. Yeye alikuwa anatazama barabarani.

Raphaeli akatokea mwezi wa nane. Lori lake lilikwama kwenye foleni ya mpakani, akaja kwa miguu, mvi zimemjaa kichwani.

“Mulishani, fundi!” alimsalimu kwa Kibemba cha huko alikozoea.

“Salama. Panda.”

Wakashika njia ya Ihanda. Pale kwenye kilima Nesta hakupunguza gia, na gari likapanda bila shida. Raphaeli alifumba macho, akasikiliza.

“Hewa umeivutia mbele.”

“Si ulisema wewe?”

“Nilisema mengi.” Akafumbua macho. “Nina mke Kabwe, Nesta. Na watoto.”

Nesta aliushika usukani kwa mikono miwili. Gari likaendelea kupanda.

“Hawajambo?” aliuliza mwishowe.

“Hawajambo.”

“Na hili gari ni letu wote. Ukitaka nusu yako, sema.”

“Baki nalo. Niliyeliacha ni mimi.”

Alimrudisha hadi kwenye lori. Raphaeli alishuka, akasimama kashika mlango kama mtu aliyesahau kitu. Foleni ikasogea, madereva wa nyuma wakaanza kupiga honi, akakimbia.

Nesta hakurudi gereji. Aligeuza, akakifuata tena kile kilima, safari hii peke yake, vioo vyote ameshusha. Hata hivyo kiti cha pembeni kiliendelea kunukia dizeli, na sabuni ya nyumba asiyoijua.