Mlango wa Buluu

Nikipita mtaa ule wa Kolwezi mpaka leo, mchana kweupe, namwona amekaa mlangoni na chaki mkononi. Najua hayupo. Namwona tu.

Alikuwa jirani yetu, karani wa mgodi, wazazi wake walitoka Kasai, mkoa mwingine. Tulimwita Tata, yaani baba. Jioni alitufundisha Kiingereza bure, watoto wote wa mtaa. Siku moja aliandika maneno matatu ukutani: illusion, illustration, imagination. Tukapiga kelele, "Tata, haya tunajua, ni Kifaransa!"

"Ah bon? Basi muniambie maana."

Hata mimi, mjuaji wa mtaa, nikajificha nyuma ya wenzangu. Akacheka. Illusion, akasema, ni yale maji unayoyaona juani kwenye barabara ya Kasaji, ukifika, pakavu. Imagination, umefunga macho na bado unaona.

"Na illustration, Tata?"

"Ni kuonyesha, mutoto. Mwenzako haone, wewe unamuonyesha, anaona."

Neno hilo nililipenda mno. Wiki nzima nilinyooshea kidole kuku, sufuria, makalio ya shangazi, nikisema "illustration!", mpaka mama akanifokea.

Kisha mambo yakaharibika. Wakubwa wa mkoa wetu walisema watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Tata alizaliwa palepale Kolwezi! Vijana wenye marungu wakanikuta bombani nateka maji.

"We mutoto, ule mwalimu ya Kasai anaikala wapi?"

Hawakunitisha. Hilo ndilo linaloniuma. Waliniuliza vizuri, nami nilipenda kuulizwa.

"Anaikala kule, nyumba ya mulango ya buluu," nikasema, na kidole nikakinyoosha.

Nyumba waliibomoa mpaka mabati. Tata na mkewe wakalala stesheni majuma mengi, pamoja na mamia ya wengine, wakingoja treni. Mama akanituma niwapelekee bukari, ugali wetu. Njia nzima nilijiambia: leo namwambia, leo namwambia.

Nilimkuta amefungwa kitambaa kichwani, damu imekauka. Akafurahi kuniona, maskini.

"Mwanafunzi yangu! Yale maneno matatu, unayakumbuka?"

Nikataja mawili.

"Na ya tatu?"

"Nimesahau, Tata."

Akapokea sahani kwa mikono miwili. "Haizuru, mutoto. Siku ntarudia hapa, ntakuonyesha."

Treni yao iliondoka kesho yake.