Permi ya Henri Wilondja

Kwa miaka ishirini na mitano Déogratias Wilondja aliitikia jina la mtu mwingine, na hakuna aliyemsumbua kwa hilo. Dereva wa Fuso haulizwi mambo mengi. Anaulizwa kama mto Mutambala unapitika, kama saruji imelowa, na kama kiti cha mbele kina nafasi. Kutoka Uvira mpaka Misisi watu walimjua kama Henri, akageuka kila alipoitwa Henri.

Henri alikuwa kaka yake. Walizaliwa kijijini Makobola, Henri mwaka 1976, yeye mwaka 1980. Henri alijifunza gari kwenye lori la parokia, na alipofika miaka ishirini na mmoja akapata permi, leseni ya kuendesha gari, ya kwanza katika ukoo wao. Mwisho wa mwaka 1998, wakati wa vita, watu walipouawa Makobola, Henri alikuwa mmoja wao. Mama yao alitoka na vitu viwili: sufuria, na mfuko wa plastiki wenye makaratasi ya Henri. Kwenye mtumbwi wa kwenda Kigoma alimpa Déo ule mfuko.

"Chukua. We hauna kartasi hata moja."

Kambini Tanzania mwandishi wa majina ya wakimbizi alimuuliza kama ana kitambulisho, naye akatoa alichokuwa nacho. Hakukusudia kumdanganya mtu. Mwandishi akaandika Henri Wilondja, dereva. Kwa kuwa kadi aliyopewa ilisema dereva, baada ya muda wakamweka kwenye lori la kuni, akajifunzia hapo hapo kazi aliyoandikiwa kwamba anaijua. Mama yao alifia kambini, na pamoja naye likaondoka jina la Déo. Mwaka 2007 alirudi Baraka kwa meli ya wakimbizi akiwa Henri. Kadi ya uchaguzi, ndoa ya kanisani na Aline wa Mboko, vyeti vya watoto watano kuanzia Pulchérie, vyote vikafuata jina hilo.

Mapema mwaka 2024, rafiki yake Waziri, waliyekuwa wakipakia saruji pamoja Uvira, alimtumia ujumbe wa sauti kutoka Polandi. Huku barabara iko kama meza, alisema. Kampuni yetu inatafuta bashofa ba kuendesha malori. Wao wenyewe banaomba kibali cha kazi, we unaleta paspoti, permi na kartasi ya kuzaliwa. Nimeshawaambia juu yako.

Déo aliusikiliza ujumbe mara mbili akiwa amekaa kwenye usukani. Alikuwa amechoka na ile barabara kiasi kwamba hakufurahi wala hakukataa. Alienda tu kuulizia karatasi.

Lionel alikuwa na chumba kidogo karibu na soko la Baraka, chenye kompyuta, mashine ya fotokopi na paneli ya jua, na ndiye aliyewaandikia watu barua zote za serikali. Alifungua masharti ya kampuni kwenye simu, akasoma taratibu, kisha akakunja uso alipofika kwenye umri: mwisho arobaini na mitano.

"Papa Henri, kuko shida. Miaka haitakiwe kupita makumi ine na tano. Permi yako inasema we iko na makumi ine na nane."

"Mi iko na makumi ine na ine."

Lionel akacheka. "Bote banasemaka vile."

"Si kusema. Ile permi si yangu. Ni ya kaka yangu, na kaka yangu alikufaka."

Lionel aliondoa mikono kwenye kompyuta. Déo aliyasikia maneno yake mwenyewe kama tangazo linalopita barabarani kwenye kipaza sauti, linalowahusu watu wa mtaa mwingine.

Jioni ile alimweleza Aline. Aline alikuwa akikoroga bugali, na hakuacha kukoroga. Kwa muda mrefu alijua kwamba mume wake alikuwa na ndugu aliyeuawa Makobola. Ila aliambiwa kwamba aliyeuawa ni yule mdogo, Déo. Kila mwisho wa mwaka yeye mwenyewe alikwenda parokia kuandikisha misa ya marehemu Déogratias.

"Baba Pulchérie," alisema mwishowe, "njo kusema misa yote ile nilikuwa nakuombea we mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na ule mutu alikufa, hakuna mwenye alimuombea?"

Aline alitoa bugali, akaugawa kwenye sahani za watoto, akaketi nje peke yake. Hakulia, hakugomba. Asubuhi alimtolea shati la kwendea ofisini.

Kwenye biro ya raia, ofisi inayoandika vizazi na vifo, afisa mmoja aitwaye Constance alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mtaratibu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alifungua kitabu kimoja, kisha kingine.

"Kwa État, kwa serikali, Henri iko muzima," alisema. "Iko na bibi, iko na batoto batano, anachaguaka. Hakuna kartasi ya kufa kwake."

"Na Déogratias?"

Alipekua tena, kwa heshima, ingawa Déo aliona kwamba jibu analo tayari.

"Huyu hajapata kuomba kitu, papa. Hayuko fasi yoyote mu hii bitabu."

Akamweleza njia. Tribunali, yaani mahakama, itoe hukumu mbili: moja ya kuzaliwa kwa Déogratias, nyingine ya kufa kwa Henri. Kwa zote mbili atahitaji shahidi mzee aliyewajua wote wawili, na kwa ile ya pili, mtu aliyeona maiti.

Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Mama Marthe, mdogo wake mama yao, alirudi Makobola baada ya vita, akalima muhogo palepale alipolima zamani. Kila juma Déo alipita mbele ya shamba lake na Fuso, akapiga honi, asisimame. Safari hii alisimama. Bibi kizee alinyoosha mgongo, akamtazama akivuka mtaro.

"Déo," alisema. "Unataka nini, mwana yangu?"

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu mama yake afariki. Alingoja kitu kimshike kifuani, hakikumshika. Akamweleza habari ya karatasi. Mama Marthe alisafisha jembe kwa kijiti mpaka alipomaliza.

"Sijaulizwaka hata siku moja," alisema. "Tuende."

Tribunalini Uvira karani alikuwa na orodha ya maswali, na aliyauliza kama yalivyoandikwa. Jina la marehemu. Mahali. Saa. Je, shahidi aliona mwili kwa macho yake?

"Niliuona. Alikuwa nyuma ya nyumba, amelala ubavu. Nilimufunika na kitenge yangu. Sisi bamama tatu njo tulichimba."

"Kaburi iko wapi?"

"Kwa shamba yangu, pembeni ya muhogo. Ninapalilia kando kando yake."

Kalamu ya karani ilikataa kuandika. Akaitikisa, akachora mistari kwenye karatasi nyingine mpaka wino ukarudi. Déo aliitazama ile mistari. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akipita mbele ya kaburi la kaka yake bila kujua, huku permi ya kaka huyo ikiwa mfukoni. Alijua kwamba hilo ni jambo zito. Alilijua vile mtu anavyojua uzito wa mzigo kwa kuusoma kwenye karatasi ya safari, bila kuubeba.

Walipotoka, Mama Marthe alimshika mkono. "Ulikuwa unapiga honi," alisema. "Nilikuwa naona ni vizuri, unatusalimia sisi bawili."

Hukumu zilitoka baada ya miezi mitatu. Constance alimkabidhi mwenyewe, akamwomba asome vizuri majina kabla ya kusaini. Henri Wilondja, amekufa Makobola. Déogratias Wilondja, amezaliwa Makobola. Déo akasaini, na kwa kuwa mkono wake ulizoea, aliandika H. Karatasi ikabidi ichapwe upya.

Akampelekea Lionel. Miaka sasa ilikubalika. Ila Lionel aliweka karatasi mezani, akazipanga, akazipanga tena.

"Papa, permi ni ya mutu mwenye amekufa. Barua za patron wako, mwenye gari, zinasema Henri aliendesha miaka kumi na saba. Kampuni inaomba permi ya miaka tano, kwa jina ya paspoti. Déogratias hajaendesha hata siku moja."

"Waulize."

Lionel aliwaandikia, akaeleza yote, kirefu, kwa Kifaransa chake kizuri. Baada ya siku tisa jibu lilikuja, mistari miwili. Walisikitika, kibali cha kazi hakiwezi kuombwa kwa faili ya namna hiyo. Waziri naye alituma sauti. Pole sana, ndugu, alisema, na nyuma yake magari yalisikika yakipita kwa kasi, mengi.

Aliporudi nyumbani Aline alimuuliza kama inamuuma.

"Sijui," alisema. "Nikijua nitakuambia."

Mwezi wa kumi alifanya mtihani wa permi Uvira, pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Mkaguzi alimwambia arudishe gari nyuma kati ya miti miwili, naye akalirudisha kwa mkono mmoja, akitazama kioo cha upande. Mkaguzi akamuuliza amefundishwa wapi. Akasema kwa kazi. Akapewa permi, tarehe ya mwaka huo.

Patron wake, Mama Kulthumu, mwenye Fuso mbili na mtumbwi wa mashine, alisoma jina jipya, akamuuliza kama ni yule yule Mbembe anayeendesha gari lake. Aliposema ndiye, akamrudishia funguo. Aline alizungumza na padri, na mwisho wa mwaka ule misa ilisomwa kwa jina la Henri. Déo alikuwa njiani, hakuisikia. Kule Mboko, muuza samaki mmoja aliyesikia habari alimwita "Déo! Déo!" mara tatu, naye akaendelea kufunga turubai, akidhani anaitwa mwingine.

Kazi iliyobaki ni ya watoto. Wote watano wameandikwa wana wa Henri, na Constance alisema kila mmoja anahitaji faili yake, la sivyo baba yao kisheria alikufa kabla hawajazaliwa. Pulchérie alitangulia, kwa sababu shule inataka cheti cha kuzaliwa kilichorekebishwa kabla ya kutoa cheti chake cha msingi. Wa pili amekamilika. Faili ya tatu iko mezani kwa Constance ikingoja muhuri. Juma hili Déo amepakia unga wa kwenda Misisi, na kama mvua haitaharibu barabara baada ya Fizi, atarudi Ijumaa, apite biro kabla haijafungwa.