Ticha Akoth na unga wa Neema

Leo nimemwonea wivu ticha wa daycare.

Mimi nauza chapo, yaani chapati, hapa mtaani Silanga. Binti yangu Neema, miaka mitatu, hajawahi kubali kushika unga wangu. Ati unamnata.

Jioni nimeenda kumchukua, nikampata na unga mpaka kwa nyusi, anakanda chapo na wenzake, anacheka. Ticha Akoth akaniambia, "Mama Neema, huyu anapenda unga sana."

Nikasema asante. Roho ilikuwa inaniwasha.

Kufika nyumbani nikampatia donge lake kwa sufuria. Akalikanda polepole, akalinusa, akafunga macho.

"Inanuka aje, mami?" nikamuuliza.

"Kama Ticha Akoth."

Na mimi nimeshinda kwa unga tangu asubuhi, hata kitambaa cha kichwa kinanuka chapo.

Wamama wenzangu, hapo mngejibu aje?